Spesa za Magurudumu: Jinsi ya Kuzichagua, Kuzifunga kwa Usalama na Kujua Wakati wa Kuziacha

Barabara za lami zinazotoka Kigoma mjini kupitia Mwandiga kuelekea Manyovu, pamoja na zile zinazoelekea Kasulu na Uvinza, zimefupisha safari ambazo zamani, wakati wa masika, zilikuwa za mashaka makubwa. Pamoja na neema hiyo, magari sasa yanakwenda kwa kasi zaidi na kubeba mizigo mikubwa zaidi. Kasoro ya ufundi ambayo katika barabara ya vumbi ingejionyesha mapema kwa mtikisiko, leo inaweza kujionyesha gari likiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa, likiwa limejaa abiria. Ndiyo maana ni vyema wamiliki wa magari, madereva na mafundi wakafahamu kwa undani kifaa kimoja kidogo ambacho mara nyingi hufungwa bila maswali mengi: spesa ya gurudumu.

Spesa ni bamba nene la duara, kwa kawaida la alumini, linalowekwa kati ya habu na rimu ili kulisogeza gurudumu upande wa nje. Spesa ya unene wa milimita 25 ikifungwa kila upande, umbali kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja huongezeka kwa milimita 50. Kazi yenyewe si ndefu, na bei ya spesa ni ndogo ikilinganishwa na seti nzima ya rimu. Hata hivyo, kifaa hicho hukaa mahali pale pale panapounganisha gari na barabara. Kikiwa cha kipimo sahihi na kikafungwa ipasavyo, kinaweza kutumika kwa muda mrefu bila madhara. Kikiwa cha kubahatisha, nati hulegea, stadi hukatika na gurudumu huchomoka. Hakuna breki wala ustadi wa dereva unaoweza kurekebisha jambo hilo likishatokea.

Sababu za kufunga spesa

Zipo sababu kadhaa zinazowafanya wamiliki wa magari kutafuta spesa. Ya kwanza ni rimu zisizolingana na gari. Mtu hununua rimu nzuri za alumini zilizotumika, matundu yake yanaingia kwenye stadi bila tatizo, lakini ukingo wa ndani wa rimu au tairi unagusa shokapu au sehemu za usukani. Ya pili ni kufunga matairi mapana kuliko yale ya awali, ambayo nayo hukwaruza upande wa ndani.

Sababu ya tatu ni muundo wa gari lenyewe. Mfano unaofahamika sana ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya V8 ya dizeli, zilizotoka kuanzia 2007. Ili injini hiyo pana ipate nafasi, ekseli ya mbele ilipanuliwa huku ya nyuma ikibaki kama ilivyokuwa, na tofauti kati ya njia ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ikawa takribani milimita 95. Katika tope au mchanga, magurudumu ya nyuma hayapiti katika mfuo uliokwisha kushindiliwa na yale ya mbele, na hivyo gari huzama kwa urahisi zaidi. Baadhi ya wamiliki hufunga spesa nyuma ili kuziba pengo hilo.

Sababu ya nne ni mwonekano tu: gari lenye magurudumu yaliyofika usawa wa madigadi huonekana limesimama vizuri. Sababu hii si kosa, ila ndiyo inayostahili tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa mmiliki anaongeza hatari bila kutatua tatizo lolote la gari.

Kabla ya kuamua, ni vyema kutazama nyuma ya rimu na kutafuta herufi ET zikifuatiwa na namba. Namba hiyo ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi kwenye uso unaogusana na habu. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo gurudumu linavyoingia ndani. Spesa hupunguza namba hiyo: rimu ya ET 45 ikiwekewa spesa ya milimita 20 hukaa sawa na rimu ya ET 25. Kwa hiyo, mtu anayehitaji kusogeza gurudumu milimita 20 nje ana njia mbili. Anaweza kufunga spesa, au akabadilisha rimu akapata yenye ET inayofaa. Njia ya pili haiongezi kiungo chochote kipya, na ndiyo bora pale inapopatikana.

Kinachoshikilia gurudumu

Watu wengi huamini kwamba uzito wa gari hubebwa na stadi, yaani zile boliti zinazochomoza kwenye habu. Kwa hakika, kazi kubwa ya stadi ni kubana. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo kama mpira mgumu, na mvutano huo huigandamiza rimu dhidi ya uso wa habu. Msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaozuia gurudumu kuteleza, kama ubao uliobanwa kwenye jiliwa ya seremala. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota, nati hutakiwa kukazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 103. Kwa stadi ya milimita 12 iliyo kavu na safi, mkazo huo huzaa mbano unaokaribia tani 4 kwa kila nati. Gari la nati nne kwa gurudumu hupata mbano wa karibu tani 16.

Mbano huo ukipungua, rimu huanza kucheza kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Kila mzunguko wa gurudumu hupinda stadi mara moja upande huu na mara nyingine upande ule. Stadi ambayo ingevumilia mvutano mkubwa kwa miaka mingi hukatika baada ya kupindwa mara nyingi, kama waya unavyokatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa kwa mkono. Kwa kawaida moja hukatika kwanza, kisha zilizobaki hulemewa na kufuata kwa haraka.

Hapo ndipo hatari ya spesa inapoonekana. Bila spesa kuna sehemu moja tu ya mgusano: rimu na habu. Spesa ikiwekwa, zinakuwa mbili: habu na spesa, kisha spesa na rimu. Kutu, rangi, mchanga au tope lililokauka katika sehemu yoyote kati ya hizo husagika taratibu gari linapotembea. Uchafu ukisagika, nafasi huongezeka na mbano hushuka, hata kama nati zilikazwa barabara siku ya kwanza. Spesa nzuri, kwa hiyo, ni ile inayokaa chuma kwa chuma bila kitu katikati, na inayokazwa tena baada ya kukaa mahali pake.

Aina mbili za spesa

Aina ya kwanza ni bamba tupu lenye matundu. Stadi za gari hupita ndani yake, rimu huwekwa juu, na nati zile zile hutumika. Kila milimita ya unene wake hupunguza sehemu ya stadi inayoshikwa na nati. Kwa sababu hiyo aina hii hufaa kwa unene mdogo tu, kwa kawaida milimita 3 hadi 5. Ikihitajika nene zaidi, lazima stadi za habu zitolewe na kuwekwa ndefu.

Kanuni ya kupima usalama wake ni rahisi: urefu wa hesi, yaani nyuzi za stadi zinazoshikana na nati, usipungue kipenyo cha stadi yenyewe. Kwa stadi ya milimita 12 yenye hesi ya milimita 1.5, nati izunguke mara 8 kamili au zaidi tangu inapoanza kushika hadi inapokaza. Kwa stadi ya milimita 12 yenye hesi ya milimita 1.25, na pia kwa stadi ya milimita 14 yenye hesi ya 1.5, mizunguko isipungue 10. Dereva yeyote anaweza kuihesabu kwa mkono. Nati inayokaza baada ya mizunguko minne au mitano isikubaliwe, hata fundi akisema imekaza vizuri.

Aina ya pili ina stadi zake yenyewe. Spesa hufungwa kwenye habu kwa nati za ndani, kisha rimu hufungwa kwenye stadi za spesa kwa nati za nje. Aina hii hutumika kwa unene wa kuanzia milimita 20 na zaidi. Faida yake ni kwamba stadi za gari hazipunguziwi urefu wa kushikwa. Changamoto yake ni kwamba nati za ndani hazionekani wala kufikiwa bila kuvua gurudumu, na hivyo ni rahisi kuzisahau. Aidha, ncha za stadi za gari zisichomoze kupita uso wa spesa, isipokuwa kama nyuma ya rimu kuna mashimo ya kuzipokea. Ncha zikichomoza hata milimita 2, rimu itakaa juu ya ncha hizo badala ya kukaa juu ya spesa, na mbano wote utakuwa wa uongo.

Kwa aina zote mbili, spesa ziwe zimefuliwa na kuchongwa kwa mashine kutoka kwenye alumini imara. Spesa za kusubu, zile zilizochongwa mtaani kutokana na vyuma chakavu, na zile zilizounganishwa kwa kuchomelea zisitumike. Kuweka wosha kadhaa juu ya stadi ili kusogeza rimu ni hatari zaidi, kwa kuwa rimu haigusi tena habu kwa uso wake wote. Vilevile, spesa mbili zisipangwe moja juu ya nyingine.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kununua

Vipuri vingi vinavyotumika Kigoma huagizwa kwa simu kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli. Spesa isiyo sahihi ikishafika, kuirudisha kunagharimu fedha na siku nyingi, na hapo ndipo huja kishawishi cha kuilazimisha iingie. Dawa yake ni kupima kabla ya kuagiza. Vipimo vinavyohitajika ni vitano.

Kipimo cha kwanza ni idadi ya matundu na kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu hayo. Kwa rimu yenye matundu manne au sita, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linaloelekeana nalo. Kwa yenye matundu matano, pima umbali wa katikati ya matundu mawili yanayofuatana, kisha zidisha kwa 1.7. Toyota IST na Probox hutumia matundu manne kwenye duara la milimita 100. Noah na RAV4 hutumia matano kwenye milimita 114.3. Hiace, Hilux na Prado hutumia sita kwenye milimita 139.7. Land Cruiser za mfululizo wa 70 za miaka ya karibuni hutumia matano kwenye milimita 150, ilhali za zamani zilitumia sita kwenye 139.7. Rimu za baadhi ya magari ya Ulaya, kama Mercedes-Benz, zina matundu matano kwenye milimita 112. Tofauti yake na 114.3 ni ndogo kiasi kwamba nati huweza kulazimishwa zikaingia, lakini stadi hubaki zimepinda tangu siku ya kwanza.

Kipimo cha pili ni tundu la katikati. Habu ina kitako cha duara kinachochomoza, na rimu ya kiwandani huketi juu yake bila nafasi. Kitako hicho ndicho kinachoiweka rimu katikati kabisa. Kwa IST na Probox kipenyo chake ni milimita 54.1, kwa Noah na RAV4 ni 60.1, na kwa Hiace, Hilux na Prado ni 106.1. Spesa ichaguliwe ile inayoketi sawasawa juu ya kitako cha habu, na yenyewe iwe na kitako kama hicho upande wa rimu. Spesa yenye tundu kubwa kupita kiasi hukaa upande, na gari hutetemeka kwenye mwendo wa kasi hata baada ya matairi kubalansiwa.

Kipimo cha tatu ni hesi. Magari mengi ya Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi hutumia stadi za milimita 12 zenye hesi ya 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki, ikiwemo Suzuki Carry inayojulikana kama Kirikuu, hutumia milimita 12 zenye hesi ya 1.25. Kwa macho, nati hizi mbili hufanana kabisa. Nati ya aina moja ikiwekwa kwenye stadi ya aina nyingine huingia mizunguko michache kisha hugoma. Ikilazimishwa kwa spana ndefu, hesi huharibika huku mkono wa fundi ukihisi kwamba nati imekaza. Nati sahihi huingia kwa vidole karibu hadi mwisho. Inayogoma mapema irudishwe.

Kipimo cha nne ni umbo la kitako cha nati. Zipo nati zenye kitako cha mteremko kama koni, zipo zenye kitako cha mviringo, na zipo zenye kitako bapa na wosha, ambazo Toyota huzitumia kwenye baadhi ya rimu zake za alumini. Kila tundu la rimu hutaka nati ya umbo lake. Nati ya koni katika tundu la kitako bapa hugusa ukingo tu, na hulegea mapema.

Kipimo cha tano ni unene. Unene unaofaa ni ule mdogo kabisa unaotatua tatizo. Geuza usukani hadi mwisho kila upande, tazama mahali rimu au tairi linapogusa, pima pengo linalohitajika, kisha ongeza milimita chache tu kwa usalama.

Hatua za kufunga

Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yasiyonyanyuliwa yawekewe kabari. Nati zilegezwe kidogo kabla ya kunyanyua gari. Likishanyanyuliwa kwa jeki, liwekwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake isitegemewe.

Baada ya kuvua gurudumu, uso wa habu na kitako chake visuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha vifutwe kwa kitambaa kikavu. Nyuma ya rimu pasafishwe vivyo hivyo. Grisi na oili visipakwe kwenye hesi wala kwenye vitako vya nati, isipokuwa mtengenezaji wa gari ameelekeza hivyo. Hesi yenye mafuta huteleza, na mkazo ule ule kwenye spana huvuta stadi kupita kiasi.

Spesa iwekwe kwa mkono na kuzungushwa kuhakikisha kwamba imeketi sawasawa pande zote bila kuyumba. Mwanga wa tochi ukionekana kati ya spesa na habu, kazi isimame hadi sababu ijulikane. Nati za ndani zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa kuvuka upande wa pili kila mara, wala si kwa kufuatana, katika awamu mbili au tatu hadi kufikia nguvu iliyoelekezwa. Baada ya hapo pimwe kama ncha za stadi zimebaki chini ya uso wa spesa. Rimu ifuate kwa utaratibu ule ule, gari lishushwe, na nati za nje zikazwe kwa mara ya mwisho magurudumu yakiwa chini.

Nguvu ya kukaza ipimwe kwa spana maalumu yenye kipimo. Makadirio ya mkono hupotosha sana. Ili kupata nyutoni-mita 103 kwa spana ya urefu wa sentimita 35, mtu anahitaji kusukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 30 tu. Fundi wa kilo 70 akisimama juu ya ncha ya spana hiyo hutoa takribani nyutoni-mita 240, zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa. Bomba la kurefusha spana huongeza madhara hayo. Stadi iliyovutwa kupita uwezo wake hairudi katika hali yake, na hukatika baadaye kwa mzigo wa kawaida.

Baada ya kufunga

Kazi haijakamilika gari linapotoka gereji. Nati zote hupaswa kukazwa tena baada ya kilometa 50 hadi 100, umbali ambao safari ya Kigoma hadi Kasulu huutimiza. Kwa spesa zenye stadi zake, hii ina maana ya kuvua magurudumu na kukagua nati za ndani pia. Hatua hii huonekana kuwa usumbufu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Lakini ni katika kilometa hizo za kwanza ambapo nyuso mpya huketi na mbano kushuka. Baada ya hapo ukaguzi ufanyike kila gari linapofanyiwa sevisi na kila gurudumu linapovuliwa, hata kama lilivuliwa kwa ajili ya kuziba pancha tu.

Dalili zifuatazo zimtake dereva asimame mara moja: mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa gurudumu, mtetemo mpya kwenye usukani, mistari ya kutu au vumbi la alumini inayoanzia kwenye nati, na nati au stadi iliyopotea. Gari lenye stadi moja iliyokatika lisiendelee na safari kwa kutegemea zilizobaki, kwa sababu nazo zimekwisha kulemewa.

Mizigo na barabara za Kigoma

Mazingira ya ukanda wa Ziwa Tanganyika yana masharti yake. Gari linalobeba madumu 25 ya mawese ya lita 20 kila moja lina mzigo wa karibu kilo 450, bila kuhesabu uzito wa madumu yenyewe. Mzigo wa aina hiyo, au matenga ya dagaa na migebuka, hushusha nyuma ya gari. Tairi ambalo likiwa tupu lilikuwa mbali na digadi, likipakiwa hugusa ukingo wake kila gari linaporuka shimo, na mpira huchanika polepole. Majaribio yafanyike, kwa hiyo, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Spesa haiongezi uwezo wa gari kubeba mzigo hata kidogo.

Kusogeza gurudumu nje huongeza pia kazi ya beringi. Mtu anayebeba ndoo ya maji karibu na mwili huchoka taratibu. Akiinyoosha mbali na mwili, ndoo ile ile humwelemea. Ndivyo ilivyo kwa beringi, tairodi na boljointi: uzito ni ule ule, lakini mkono wa kuubeba umerefuka. Kwenye miteremko ya milima ya upande wa Kalinzi, ambako breki na kona hufuatana, mzigo huo huongezeka. Magurudumu ya mbele huathirika zaidi, kwa kuwa usukani unaweza kuwa mzito na kuvutwa na mashimo. Wakati wa mvua, tairi lililotoka nje ya digadi hurusha tope na mawe kwa waenda kwa miguu na waendesha bodaboda.

Sheria na usalama wa abiria

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali isiyosababisha hatari kwa watu waliomo na watumiaji wengine wa barabara. Wajibu huo haumwishii fundi. Unamhusu mmiliki na dereva pia. Magari ya abiria, yakiwemo Hiace na Noah, yanasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), nayo hukaguliwa na Jeshi la Polisi. Kwa magari hayo, ushauri ulio salama ni kutofunga spesa kabisa. Hupakiwa hadi kikomo kila siku, huvuliwa matairi mara kwa mara na mafundi tofauti, na si rahisi kuhakikisha kwamba nati za ndani zimekaguliwa kila mara. Abiria anayepanda gari kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Maweni hana namna ya kujua kilichopo nyuma ya rimu.

Mmiliki wa gari binafsi anayefunga spesa anashauriwa kuitaarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi, kwa kuwa mabadiliko ambayo hayakutajwa yanaweza kuleta mgogoro wakati wa madai. Aidha, kazi ifanyike kwenye gereji yenye leseni ya biashara, na mteja adai risiti inayotaja aina na unene wa spesa. Karatasi hiyo humsaidia fundi mwingine atakayelihudumia gari hilo kujua kwamba kuna nati za ndani za kukagua.

Wakati wa kuziacha

Spesa ziachwe pale ambapo rimu yenye ET sahihi inapatikana, pale ambapo kipimo kimoja kati ya vitano vilivyotajwa hakilingani, pale ambapo hakuna spana ya kupimia mkazo, na pale ambapo mmiliki hana uhakika wa kurudi gereji baada ya kilometa 100. Ziachwe pia kwenye gari lenye stadi zilizokwisha kuharibika hesi au beringi zinazolia. Matengenezo hayo yatangulie.

Kwa anayeamua kuendelea, maswali manne ya kumuuliza fundi kabla hajashika spana yanatosha kutenganisha kazi ya uhakika na ya kubahatisha. Je, tundu la katikati la spesa linalingana na kitako cha habu? Nati inazunguka mara ngapi kabla ya kukaza? Nati zitakazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita ngapi, na kwa kipimo gani? Gari lirudishwe lini kukaguliwa? Fundi anayejua kazi yake atayajibu yote bila kukasirika. Asipoyajibu, ni heri gari libaki na magurudumu yake kama lilivyotoka kiwandani.